Kompyuta Iliyomkataa Mama

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Maren Halvorsen alikula uji wa shayiri huku akisoma habari za kampuni za kompyuta. Mjini Bellevue, Marekani, wazazi wengi walifanya kazi katika kampuni hizo, na Maren ndiye aliyeandika ukurasa wa teknolojia kwenye tovuti ya shule.

Jumanne moja mama yake, mfanyakazi wa kampuni ya Tarnwell, alifungua kompyuta ya kazini. Ikamkataa. Akaandika nywila yake tena; ikamkataa tena. Mama akavaa koti na kuondoka bila kumaliza kahawa.

Maren alibaki ameduwaa. Watoto wa Bellevue wanajua watu wanavyofukuzwa kazi siku hizi: huitwi ofisini, kompyuta inajifunga tu. Tena wiki nzima wachambuzi walikuwa wakibishana mtandaoni, huyu akisema akili mnemba itachukua kazi zote, yule akisema haitachukua hata moja. Maren hakujua amwamini nani. Ndani ya basi akaandika: "Kampuni ya Tarnwell yaanza kufukuza wafanyakazi leo." Akaichapisha.

Kufikia mchana shule nzima ilikuwa imeisoma.

"Mwandishi mkuu, kesho unamfukuza nani?" Caleb wa darasani kwao alimtania.

Maren alicheka kidogo. Kisha akamwona rafiki yake Devika ameketi peke yake, chakula hajakigusa. Baba yake Devika pia alifanya kazi Tarnwell, na kibali cha familia yao cha kuishi Marekani kilitegemea kazi hiyo. Devika alikuwa amejitoa kwenye timu ya roboti.

"Umejitoa kwa nini sasa?"

"Si umeandika mwenyewe? Mpaka mashindano yafike, sisi tutakuwa tumeshaondoka."

Jioni mama alirudi mchangamfu. Alikuwa amesahau kubadilisha nywila kabla ya tarehe iliyowekwa, na mafundi walishamfungulia. Maren akachanganyikiwa zaidi. Je, kuna watakaofukuzwa, au hakuna? Mama akasema hajui, na huenda hata wakubwa wake hawajui. Hapo Maren akamwonyesha alichoandika, akamweleza na habari za Devika. Mama alisoma mpaka mwisho, akachukua funguo za gari, wakaenda nyumbani kwa kina Devika.

Baba yake Devika, Bwana Raghunathan, ndiye aliyewafungulia mlango. Maren alieleza yote, akaomba radhi. Kisha akaketi jikoni kwao, akaandika kwenye tovuti ya shule kwamba habari ile haikuwa na uhakika na kwamba kosa ni lake, akaweka na jina lake. Devika akampigia mwalimu wa roboti. Nafasi yake ilikuwa bado haijachukuliwa.

"Asubuhi kompyuta yangu ilifunguka vizuri," Bwana Raghunathan alisema. "Niliposoma habari yako, nikashinda nikiingoja ijifunge. Kompyuta ya mama yako kukataa, hilo uliliona kwa macho yako. Mengine yote uliyajaza wewe. Ukiwa hujui, mwanangu, andika kwamba hujui. Hilo tungeweza kulivumilia."