Asubuhi Bila Msiro

Kila asubuhi Bi Zubeida alikaa kwenye baraza ya nyumba yao mpya ya Quitunda, akasaga msiro, ule mti wa urembo wa ngozi, na kujipaka usoni. Jiwe la kusagia alilibeba mwenyewe walipohamishwa kupisha mradi wa gesi. Ugonjwa wa kusahau ulimpokonya majina ya wajukuu, hata njia ya chooni. Msiro hakuusahau.

Asubuhi moja hakusaga. Alilala tu. Akiamshwa, alisema maneno yasiyoshikana, na uji aliukataa. Binti yake, Sumaia, alimgusa paji la uso. Hakuwa na joto.

Latifo, kaka yake Sumaia, akatoa hukumu palepale, maana Latifo hakosi hukumu. Mama anaumwa na kuhama, alisema. Siku hizo kuhama kulibebeshwa kila balaa, hata mihogo ikigoma kukua. Kesho angempeleka kwa ndugu kisiwani Rongui, aione bahari, atulie.

Sumaia aliogopa mama asije akafia safarini. Akasema wapite kwanza kituo cha afya. Kesho yake kituoni, mwuguzi Domingas, ambaye wote walimwita enfermeira, aliuliza hali ile imeanza lini.

"Juzi alisaga msiro wake, dada enfermeira. Leo hata sauti yangu haijui. Lakini homa hana," alijibu Sumaia.

"Kusahau huzidi polepole, dada. Kukizidi ghafla, tafuta ugonjwa mwingine," alisema Domingas. "Kinga ya mwili wa mzee hupungua nguvu, na kwa mwenye maradhi haya hubadilika zaidi. Vijidudu vinaweza kumwingia na homa isipande. Lakini vita vile vya mwilini vinaufikia ubongo, nao tayari ni dhaifu. Usingoje joto."

Akampima. Malaria hakuna. Mkojo ndio ulikuwa na maambukizi. Akatoa dawa, akasisitiza wazimalize zote, na mama apewe maji mara kwa mara, kwani kiu pia huisahau. Kazi ya maji akaichukua Latifo.

Dawa zilipokaribia kwisha, Bi Zubeida aliuliza jiwe lake liko wapi. Akasaga. Kisha akamwita Sumaia kwa jina la Awa, dada yake mwenyewe aliyefariki zamani, akampaka msiro mashavuni. Sumaia hakumsahihisha. Alifumba macho kwa furaha, akapakwa.

Safari ya Rongui haikutajwa tena. Siku hizi Latifo akiamka, kabla hata ya chai, huchungulia barazani.

"Mama kapaka?"

Akijibiwa hapana, anakwenda moja kwa moja kuvaa viatu vya kwenda kituoni.