Mashimo Matatu ya Dani

Kila asubuhi kabla ya shule Selpha alikuwa na kazi tatu: kuteka maji ziwani, kufagia uwanja, na kumpelekea Dani uji. Dani alikuwa mama mzazi wa baba yake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Hata majogoo wa boma lile walimpisha njia. Lakini siku hizi Dani alikunywa uji akiwa ameketi kitandani, miguu imevimba, na kikombe hakukimaliza.

Ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka 1968. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo upande wao wa Seme. Majirani walikuwa shambani tangu alfajiri, majembe yanapanda na kushuka. Katika boma la akina Selpha majembe yalikuwa yamelala chini ya dari. Desturi yao ilikuwa hiyo: mwanamke mkubwa wa boma ndiye hupanda kwanza, na wengine hufuata; kumtangulia ni kama kumtakia kifo. Mkubwa alikuwa Dani, na Dani alikuwa hajapanda.

Siku hiyo afisa wa kilimo, Bwana Khaemba, alifika katika darasa la sita, alimosoma Selpha, na mifuko midogo ya mbegu mpya za mahindi. Alimpa kila mwanafunzi mfuko mmoja, kisha akachora ubaoni mwanamke mwenye jembe.

"Huyu mama amepanda wiki ya kwanza ya mvua. Amevuna magunia manane," alisema. "Mwaka uliofuata amechelewa wiki tatu. Ekari ni ile ile, jembe ni lile lile, na mgongo umeuma vile vile. Amevuna matatu. Jasho lingine limekwenda wapi?"

Darasa lilicheka. Selpha hakucheka. Alikumbuka mavuno ya kwao: manane, kisha sita, na mwaka jana matatu. Mama yake, Dorca, hakuwa mvivu. Alilima hadi viganja vikachubuka. Hata hivyo, mwaka jana njaa iliingia nyumbani mapema, na mdogo wake Apiyo alikuwa akilia usiku akitaka chakula.

Jioni alimwambia mama yake, "Mama, tumwulize Dani kama anaweza kupanda."

"Nyamaza!" Dorca aliangalia mlangoni. "Nitamwambiaje mama mkwe wangu kwamba anatuchelewesha? Si ni kama kumwambia afe upesi?"

"Lakini tutakosa chakula tena."

"Nimesema nyamaza, Selpha."

Selpha alinyamaza, lakini moyo haukunyamaza. Asubuhi mbili alidanganya kwamba anakwenda kuteka maji. Alikwenda kwenye kona ya shamba la mama yake, akanyoosha kamba, akapanda mbegu zake kwa mistari, kama Bwana Khaemba alivyofundisha. Alijiona mjanja kuliko boma zima.

Baada ya wiki moja mahindi yakachomoza. Aliyeyaona kwanza ni Ogola, ndugu mdogo wa baba yake. Alipiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani.

"Mama Selpha! Umepanda kabla ya mama? Mumeo yuko kazini Kisumu, ndiyo umeona wewe ni mkubwa hapa? Au unataka mama afe?"

"Sijapanda mimi, shemeji. Haki ya Mungu, sijui."

"Shamba lako, na hujui?"

Wake wa boma walimtazama Dorca kwa macho makali. Selpha alisimama nyuma ya ghala. Maneno yalikuwa mdomoni, lakini woga ukayameza. Basi Dorca akapiga magoti kwenye matope akaanza kuing'oa miche, mmoja mmoja, huku machozi yakimtoka. Hakubakisha hata mmoja. Selpha aliona kila kitu.

Asubuhi iliyofuata, alipompelekea Dani uji, alikiweka kikombe chini akaangua kilio.

"Dani, ni mimi niliyepanda. Mama ametukanwa bure."

Dani akauliza, "Yalikuwa yameota vizuri?"

"Ndiyo, Dani. Kwa mistari."

"Na mama yako ameyang'oa." Mzee yule alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Mahindi ambayo ningeyaruhusu kwa neno moja! Mwaka juzi na mwaka jana nilijikokota nikapanda kwa kuchelewa; mwaka huu mikono hii haiwezi jembe kabisa. Niliona aibu kusema. Nikangoja mtu aje aniulize. Mbona hamkuniuliza?"

"Tulikuogopa."

"Na mimi niliwaogopa ninyi. Nilidhani mtasema nimekwisha. Mwite Ogola. Mwite mama yako. Nipelekeni shambani."

Walimbeba Dani kwenye kiti. Mbele ya watu wote Selpha alisema ukweli, na Ogola akainamisha kichwa akamwomba Dorca msamaha. Kisha Selpha akachimba mashimo matatu, na Dani akadondosha mbegu kwa vidole vilivyovimba. Kazi hiyo haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

"Nimepanda," Dani alisema. "Haya, kimbieni!"

Boma zima likaingia shambani siku ile ile. Mbegu mpya za Selpha zilikuwa zimepotea, wakapanda za kawaida, lakini hawakuchelewa kama mwaka jana.

Dani hakuyaona yakikomaa. Alifariki mwezi wa Mei, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Siku ya kuvuna Dorca alipata magunia sita. Selpha alivuna yale ya mashimo matatu kwa mikono yake, akayakumbatia, akalia.

Dorca aliketi kando yake. "Ulikosea kupanda kwa siri," alisema taratibu. "Ukakosea zaidi kunyamaza nilipotukanwa. Lakini mimi ni mtu mzima, na nilikosea kuliko wewe. Niliita woga wangu heshima. Tumepoteza miaka miwili ya chakula, na Dani akaumia peke yake, kwa sababu ya swali moja. Mwanangu, ukimheshimu mtu, mwulize, na umwambie ukweli."

Machi uliofuata mvua ilipofika, mkubwa wa boma alikuwa Dorca, mke wa mwana wa kwanza wa Dani. Alishika jembe asubuhi na mapema, boma zima likimngoja. Alipiga shimo la kwanza, kisha akasimama kidogo akishika kiuno.

"Mama," Selpha aliuliza, "mgongo unauma?"

Dorca alimtazama, na macho yakamjaa machozi.

"Unauma," alisema. "Njoo tushike pamoja."