Chiriku Mbele ya Hakimu

Kila asubuhi mama alikuwa kwenye cherehani kabla chai haijachemka. Binti yake wa miaka kumi na miwili alimtungia uzi huku akipiga soga za shuleni bila kupumua. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku.

Lakini asubuhi ya kwenda mahakamani hakusema kitu. Alivaa sare, akaacha chai nusu kikombe.

"Leo umemeza ulimi?" mama aliuliza. "Usiogope. Mwambie hakimu uliloniambia, basi."

Alilomwambia mama ni kwamba anataka kukaa naye. Alilisema siku mama alipokuwa akilia huku ameshika nguo ya mteja. Lakini Jumamosi iliyofuata alimtembelea baba kwenye karakana yake ya kutengeneza friji. Alimkuta amekonda, akilala chumba cha nyuma katikati ya vyuma. Baba naye akamuuliza anataka kukaa na nani. Chiriku akajibu, "Na wewe, baba."

Mahakamani wazazi walikaa ncha mbili za benchi moja, Chiriku akiwa katikati. Walikuwa wanaachana, na leo ingeamuliwa mtoto akae wapi.

"Mheshimiwa, mtoto ameniambia mwenyewe anataka kukaa nami," mama alisema.

"Huyu mama anadanganya," baba alidakia. "Mtoto ananitaka mimi. Kaniambia kwa mdomo wake."

"Mimi muongo? Wewe ndiye unayemlisha mtoto maneno."

Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, aliinua mkono. Wakanyamaza.

"Mmoja wenu anamtumia mtoto kunidanganya," alisema. "Nikimjua, hilo litampunguzia sana nafasi ya kukaa na mtoto. Binti, njoo tuongee wawili."

Chumba cha hakimu kilikuwa kidogo, kimejaa mafaili. Hakimu alimmiminia maji.

"Nani anayedanganya, mwanangu?"

Chiriku aliiweka glasi mezani bila kunywa. Akimtaja baba, huenda asimwone tena. Akimtaja mama, ni hivyo hivyo. Akinyamaza, mmoja wao ataadhibiwa bila kosa.

"Hakuna," alisema hatimaye. "Wote wanasema kweli. Ni mimi niliyewaambia hivyo wote wawili." Machozi yakamtoka. "Mama alikuwa analia. Baba amekonda. Sikutaka kumwumiza mtu."

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

"Sijui. Kwa mama ni karibu na shule. Lakini nisipomwona baba, tumbo linaniuma."

Hakimu alivuta kiti karibu. "Kuchagua mzazi si kazi yako. Ni yangu, na mshahara napewa." Chiriku alitabasamu kidogo. "Ila huko nje wanaitana waongo. Utawaambia ukweli mwenyewe?"

Aliwaambia, akiwa amesimama. Mama alijifunika uso kwa mtandio.

"Nisamehe," baba alimwambia mama. "Nilikuita muongo."

"Nami nilikusingizia," mama alijibu polepole.

Hakimu akaamua: siku za shule Chiriku atakaa na mama, mwisho wa wiki na nusu ya likizo atakuwa na baba. "Na swali lile," aliongeza akiwatazama wote wawili, "mtoto huyu asiulizwe tena."

Nje, mama alimshika bega. "Tulikubebesha mzigo wa watu wazima, mwanangu. Kosa hilo ni letu. Lakini nawe ujifunze. Ukimwambia mtu uongo ili afurahi, unamwachia maumivu ya kesho. Kama hujui, sema hujui. Kama jambo linakuuma, liseme. Tutavumilia."

Chiriku alifikiri, kisha akamgeukia baba.

"Ijumaa nitakuja, baba. Ila godoro lako ni gumu kama sakafu."

Baba alicheka, macho yakiwa bado mekundu. "Afadhali umesema," akajibu. "Kesho naenda kutafuta jingine."