Gari Lililokunywa Maji

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Kasuku alichutama mbele ya gari la mama yake na kuvuta kipande cha boksi kilicholazwa chini ya injini. Kila asubuhi boksi lilikuwa kavu. Kisha alifungua kifuniko cha rejeta, akachungulia ndani, na moyo ukamshuka.

"Vipi?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Chini pakavu, mama. Lakini maji yamepungua tena."

"Gari hili linakunywa kuliko ngamia," alisema bibi, jicho lake la kushoto likiwa limefunikwa kwa pamba.

Kasuku lilikuwa jina la utani tu. Walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama yake alikuwa fundi magari, na ua wa nyumba yao ndio uliokuwa gereji. Injini ya gari lile aliifumua yote, akabadilisha pistoni, ringi na gasketi, akaifunga upya kwa mikono yake. Ilipowaka, iliunguruma kama paka aliyeshiba. Taabu ilikuwa maji. Mama alibadilisha mipira ya rejeta, yakapotea. Akabadilisha pampu ya maji, yakapotea. Akafungua silinda hedi mara ya pili, vidole vikamchubuka, yakapotea vilevile.

Na gari lilihitajika. Bibi alitibiwa jicho katika hospitali iliyokuwa upande wa pili wa mji, na magoti yake hayakuweza tena kupanda ngazi za basi.

Siku ya miadi walijaribu bahati yao. Kwenye kilima cha kwanza mshale wa joto ulipanda, mvuke ukafuka, mama akazima injini. Wakakaa kando ya barabara wakisubiri ipoe, huku Kasuku amekumbatia dumu ambalo maji yake yalikwisha zamani. Walipofika, daktari wa macho alikuwa ameondoka. Bibi aliutafuta mkono wa mjukuu wake kwa kupapasa, upande wa kushoto, uleule aliokuwa akiuona vizuri siku za nyuma.

"Mama," Kasuku alisema waliporudi, "kwa nini tusimwite fundi rejeta? Ana pampu ya kupimia uvujaji."

Fundi rejeta alikaa mtaa wa nyuma. Yeye na mama walikuwa hawajasalimiana tangu siku waliyogombania mteja.

"Yule? Aje anicheke uani kwangu? Afadhali nilisukume gari kwa mikono."

Kasuku akachukua dumu kwenda kulijaza. Hakuweza kulisukuma gari, wala kumsukuma mama.

Asubuhi iliyofuata bibi alijimiminia chai. Aliimimina kando ya kikombe, juu ya meza, na hakujua. Mama aliitazama chai ikitiririka mpaka sakafuni. Kisha akainuka na kutoka, ovaroli lake limejaa grisi, akaelekea mtaa wa nyuma.

Fundi rejeta alikuja na pampu yake. Hakucheka.

"Nadhani ni rejeta," alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nikadhani pampu ya maji. Nikadhani gasketi."

"Basi leo tusidhani, dada. Tutafute."

Injini ikiwa imepoa, alifunga pampu yake kwenye mdomo wa rejeta, akasukuma upepo. Mshale wa pampu ulipanda, kisha ukaanza kushuka polepole: upepo ulikuwa ukitoroka mahali. Walimulika tochi kila mahali. Pakavu. Fundi akakuna kichwa.

"Hapa hata mimi nimekwama."

"Nyamazeni!" Kasuku alisema. "Nasikia kitu kikichuruzika nyuma."

"Leo Kasuku anaomba kimya?" bibi alishangaa.

Kasuku alipitisha kioo kidogo nyuma ya injini. Pale, karibu na giaboksi, palikuwa na kizibo cha bati kinachozuia maji ya injini, kimeliwa na kutu. Uzi mwembamba wa maji ulitoka pembeni yake na kudondokea bomba la moshi.

Mama akajipiga paji la uso. "Kumbe! Injini ikichemka, maji yanaangukia bomba la moto na kukauka hewani. Ikipoa, hakuna msukumo kama huu wa pampu, hayavuji. Na kizibo hiki nilikiona nilipofumua injini, nikasema bado kizima!"

Wakaishusha giaboksi pamoja, wakaweka kizibo kipya. Siku ya miadi nyingine, gari lilipanda kilima bila kusimama. Daktari alimpima bibi, akasema jicho litaokoka, ila mwanga uliopotea katika siku za kusubiri hautarudi.

Wakati wa kurudi, mama aliegesha gari kando ya barabara ingawa halikuwa na hitilafu.

"Mwanangu," alimwambia Kasuku, "wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kushindwa kwangu. Nilifanya kazi mpaka mikono ikatoka damu, lakini neno moja tu, 'nisaidie', lilinishinda, na jicho la mama yangu ndilo lililoumia. Ukikwama, sema umekwama. Sema mapema."

Bibi, kutoka kiti cha nyuma, aliunyosha mkono wake mpaka ukalipata bega la binti yake. Akauacha hapo mkono huo mpaka nyumbani.