Kinasa Sauti cha Marehemu

Haya yalimpata rafiki yetu, fundi wa vinasa sauti, mchana kweupe. Alishuka kwenye karakana ya chini, isiyo na dirisha, kujaribu kinasa alichokibuni fundi mwenzake kabla ya kufa. Wawili hao walikuwa wamegombea cheo, wakagombana, na rafiki yetu akamfungia mwenzake humohumo ili amtie adabu, akijua fika kwamba ana pumu. Aliporudi kufungua, alimkuta ameshakata roho. Watu aliwaambia kitasa kilikwama.

Kinasa kilikuwa kazi safi. Kwa kila pigo, saa ndogo ndani ya chipu, ubongo wa kinasa, ilikatiza kidogo shughuli nyingine zote na kuchota sauti kwa mapigo sawasawa, ndiyo maana sauti haikuyumba hata kidogo.

"Kazi uliijua, kaka," alinong'ona, "ila cheo nimekikalia mimi."

Umeme ukakatika. Gizani, taa nyekundu ya kinasa, ambacho kilitumia betri, ilionyesha kwamba kinarekodi. Alipopapasa mezani aligusa waya wa maikrofoni. Alikuwa amesahau kuuchomeka. Akajicheka, akabonyeza kitufe asikilize ukimya wake.

Kwanza ilisikika pumzi ya mtu mwenye pumu, ikivutwa kwa mapigo sawasawa. Kisha ikaja sauti yake yeye mwenyewe, imekauka kwa kulia.

"Nisamehe, kaka. Nifungulie mlango."

Maneno hayo hakuwahi kuyatamka. Alitia mkono mfukoni, akaukuta ufunguo wa pekee wa mlango ule, ambao kwa ndani haukuwa na tundu. Ndipo akasikia kitasa kikifungwa, taratibu, kwa nje.