Mbegu za Hoho ya Bi Munazza

Kila Ijumaa, wanaume wanaporudi kutoka msikitini, nyumba ya Zoher pale Kibokoni hunukia wali na nyama mpaka njiani. Razia, mke wa Zoher, hana mchezo na chakula cha Ijumaa. Siku hiyo alikuwa amepika kitu maalumu kwa ajili ya baba mkwe wake, Mzee Ghulam.

Mzee Ghulam ana miaka themanini na moja, na ana vidonda vya tumbo. Daktari amemkataza pilipili kali. Kwa mtu wa Mombasa aliyekua na achari, hiyo ni adhabu. Chakula kimoja tu kilikuwa kikimfariji. Ni pilipili hoho ndefu, nyekundu, iliyojazwa nyama ya kusaga na dania. Hoho hiyo haiwashi hata kidogo. Si ile hoho nene ya kijani inayouzwa kila mahali. Hii ina ngozi laini, na utamu wake ni wa peke yake. Aliyekuwa akiipanda ni marehemu mkewe, Bi Munazza. Bi Munazza alipofariki, mbegu zilizobaki kwenye chupa yake ziliota ukungu. Hoho ikapotea nyumbani.

Mwaka uliopita Zoher aliona hoho tatu kama zile sokoni Marikiti. Akazinunua mbio mbio. Razia akapanda mbegu zake darini, juu ya nyumba penye jua, kwenye mikebe ya rangi. Hoho zikatoka tamu vile vile. Mzee alizila huku analia kwa furaha, wala hakuona haya. Basi Razia akatoa mbegu za hoho hizo, akazipanda zote. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kula mavuno ya pili.

"Bismillahi," Mzee akasema. Akauma.

Alitafuna mara mbili. Macho yakamtoka.

"Maji! Razia, wataka kuniua?"

"Astaghfirullahi! Baba, hiyo ni hoho!"

"Hoho gani? Huu ni moto!"

Zoher hakuamini, akaonja. Naye akashika ulimi.

"Hodi!" ikasikika sauti mlangoni. Alikuwa Kadzo, mpangaji wao wa chini. Kadzo hufanya kazi kwenye kitalu cha miche. "Nasikia makelele. Kuna nini? Mpeni maziwa, maji hayaondoi ukali wa pilipili!"

Mzee akanywa maziwa, akatulia. Lakini Razia alikuwa analia.

"Dada Kadzo, miezi yote hii nimezilea kama watoto. Na sasa nimemuumiza baba."

"Futa machozi. Hebu twende darini nikaone."

Darini palikuwa na mikebe sita ya hoho. Ubavuni mwake, majani yakigusana, palikuwa na mikebe saba ya pilipili kali. Razia hujivunia pilipili hizo kwa achari yake. Kadzo akaangalia huku, akaangalia kule, akacheka.

"Dada Razia, umeziozesha bila ya posa!"

"Vipi?"

"Waona yule nyuki? Akitoka kwenye ua la pilipili kali, miguu yake ina unga wa manjano. Unga huo unaitwa chavua. Akitua kwenye ua la hoho, huuacha pale. Hoho itakayotoka kwenye ua hilo itakuwa tamu tu. Lakini mbegu za ndani zishachanganyika. Ukizipanda hizo, ndipo ukali huja."

"Kwa hivyo tulikula utamu, nikaweka mbegu za moto?"

"Ndiyo hivyo. Sasa nionyeshe mbegu ulizobakisha za zile hoho tatu za kwanza."

Razia akainama. "Sikubakisha. Na mimea ya kwanza nishaing'oa."

Kadzo akaguna. "Hapo ndipo ulipokosea zaidi. Mbegu adimu hazipandwi zote kwa mara moja. Lazima zibaki nyingine za akiba. Sasa dawa ni moja, tumtafute aliyemuuzia Zoher."

Waliposhuka, Mzee Ghulam alikuwa amewasikia, na ameshavaa kofia.

"Na mimi naja," akasema. "Lakini tukizipata, hizo ni za nyumba hii. Asipewe mtu! Munazza hakumpa mtu, na mimi sitampa mtu."

Hakuna aliyembishia. Mzee akishika lake, ameshika.

Wakamsihi asubiri kuche, na kesho yake asubuhi wakaenda Marikiti wote wanne. Zoher alimkumbuka muuzaji, mwanamke mcheshi aitwaye Sidi.

"Hoho zile hulimwa na shangazi yangu, kule Rabai," Sidi akasema. "Zamani alikuwa akifua nguo Kibokoni, kwa bibi mmoja wa Kihindi. Bibi huyo akampa mbegu kwenye kitambaa. Akamwambia, 'Kapande, lakini mume wangu asijue. Yule bwana ni mchoyo wa mbegu, hana mfano!' Shangazi mpaka leo humtaja. Bi Munazza."

Razia akaziba mdomo kwa mtandio. Zoher akajifanya anakagua nyanya. Mzee Ghulam akasogea mbele na mkongojo wake.

"Huyo mume," akasema, "ni mimi."

Sidi alitamani kuingia chini ya meza. "Niwie radhi, Baba! Sikujua!"

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika bega la mwanawe, na machozi yakamtoka.

"Miaka yote hiyo amenificha! Na lau angenisikiliza, leo ningezipata wapi? Ah, Munazza wangu. Nimemkumbuka leo."

Siku ya tatu Sidi akaleta hoho tano nyekundu, zimeiva sawasawa. Razia akataka kupanda upesi. Kadzo akamzuia.

"Nusu tupande, nusu tuweke. Mbegu zianikwe kivulini, kwenye sahani, penye upepo. Zisianikwe juani."

Baada ya wiki mbili Kadzo akachukua mbegu moja, akaikunja. Ikavunjika.

"Hii imekauka. Ingepinda tu, ingekuwa bado mbichi. Zile za Bi Munazza ziliota ukungu kwa sababu hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi."

Razia akakaanga mchele kidogo bila mafuta. Akauacha upoe kabisa, akautia kwenye chupa ya kioo. Mchele huo hunywa unyevu. Mbegu akazitia kwenye bahasha, akaandika jina na tarehe juu yake. Akaziweka ndani ya chupa na kukaza kifuniko.

Miche ya ile nusu nyingine ilipoanza kutoa matumba, Razia alikata pazia jepesi kuukuu, akashona vifuko vya kuzuia nyuki. Aliyevifunga ni Mzee mwenyewe.

"Funga kabla ua halijafunguka," Kadzo akamwelekeza. "Kisha tikisa tawi polepole kila asubuhi. Hoho haihitaji nyuki, hujizalia yenyewe. Tunda likitokea, toa kifuko, funga uzi mwekundu. Lenye uzi ni la mbegu. Liache mpaka liive kabisa. Mengine mle."

Mzee alipanda darini kila siku kutikisa matawi. Razia alimsikia akiyasemesha.

Miezi mitano ikapita. Wakatoa mbegu za hoho zenye nyuzi, wakazikausha. Safari hii pia waliweka akiba, wakapanda nyingine. Mimea hiyo mipya ilipozaa, Razia akapika tena. Sahani ikawekwa mbele ya Mzee. Razia alishindwa hata kukaa.

Mzee akauma. Akatafuna. Akafumba macho.

"Baba?"

"Leta nyingine," akasema.

Nyumba nzima ilishangilia!

Jioni hiyo Mzee Ghulam alikaa kwenye baraza na rundo la bahasha ndogo. Kila jirani aliyepita alipewa moja, pamoja na somo refu la nyuki na vifuko. Jirani mmoja, Bi Swafia, akashangaa.

"Mzee Ghulam, ni wewe kweli? Wewe ndiwe wa kugawa mbegu?"

"Chukua, mwanangu. Zangu zikiharibika, nitakuja kubisha hodi kwako."

Bi Swafia akageuza bahasha ili asome. Mwandiko wa Mzee ulikuwa umetetemeka, lakini ulisomeka: *Hoho ya Bi Munazza. Mpe na mwenzako.*