Nasaba ya Muuza Iliki

Pilipili manga ndiyo iliyowakutanisha. Jael alikuwa akikatiza soko la Marikiti, Mombasa, na gauni lake la manjano, mwaka ule wa tisini na saba, akapiga chafya mfululizo mbele ya meza ya viungo ya Tsuma.

"Afya, bibie!" Tsuma akacheka. "Viungo vyangu havina ubaya na wewe."

"Vimeniua! Niuzie iliki basi, nipate kisingizio cha kusimama."

Iliki ikawa kisingizio cha kila siku, ingawa Jael hakujua kupika hata chai ya maana. Alikuwa mtafiti kutoka Kakamega, na kazi yake aliiita jenomiki.

"Jeno-nini, mpenzi?"

"Jenomiki. Zamani jeni, zile zibebazo urithi, zilichunguzwa mojamoja. Sisi tunataka kuzisoma zote za mtu kwa pamoja."

"Kama pilau. Huli bizari leo, mdalasini kesho."

Jael akacheka mpaka akashika meza. Siku hiyo Jael alimpenda Tsuma, hakuna kuficha.

Balaa lilianza alipoomba kwenda Bondeni, nyumbani kwa kina Tsuma. Alikaa mkekani akamhoji mama mtu: mababu walitoka wapi, nani alimwoa nani, ukoo una maradhi gani. Kisha akamtoa Tsuma damu kidogo. Mama alijibu yote kwa tabasamu. Pwani, mgeni akiulizia nasaba namna hiyo, harusi imekaribia.

Jael aliporudi Jumamosi, alipokewa kwa vigelegele na doti mpya ya leso kutoka Biashara Street.

"Karibu, mkaza mwanangu!"

Jael akababaika. "Mama, mimi... ule ulikuwa utafiti tu."

Vigelegele vikakatika. Tsuma alipoona mamake ameinamisha uso, moyo ulimchoma.

"Kumbe mimi ni damu ya kichupani tu," akasema, akatoka.

Hakumtafuta tena. Aliuza viungo amenuna, wateja wakamkimbia. Mpaka siku simu ya duka la jirani ilipolia, naye akaitwa.

"Tsuma, ni mimi Jael. Damu yako nimeiondoa kwenye utafiti."

"Ilikuwa chafu?"

"Acha zako! Mtafiti haruhusiwi kuchunguza jamaa zake."

"Ujamaa gani? Wewe wa Kakamega, mimi asili yangu Rabai."

"Bado." Jael akashusha sauti. "Ile leso, mama ameshaigawa?"

Tsuma akaegemea ukuta, furaha imemjaa kifuani.

"Iko sandukuni. Hata dada yangu hathubutu kuigusa."

"Mwambie aitoe, nakuja. Na safari hii, nasaba yako naiulizia kwa ajili yangu."